Vitufe Mia Moja na Vinne

Hapo zamani za juzi, katika nchi ambayo jina lake lilisahauliwa kwa amri ya serikali, palikuwa na vitabu viwili vya viwango vya kufundishia watoto kompyuta. Kimoja kilitungwa na Taifa, kingine na Jimbo la Upepo. Cha Taifa kilikuwa na jalada la rangi ya dhahabu na picha ya Mheshimiwa Mlezi, mkuu wa nchi ile, akiitazama kompyuta kwa huruma. Cha Jimbo kilipigwa chapa kwenye karatasi za kufungia maandazi, na ukikinusa vizuri ulipata hamu ya chai. Kipi kilikuwa bora, mimi sisemi. Mimi nasimulia tu, na msimulizi hana kosa. Ndivyo alivyoniambia wakili wangu kabla hajahama nchi.

Basi katika Shule ya Msingi Tumeitika, huko huko Jimbo la Upepo, alikuwepo mwalimu mmoja aitwaye Nyamizi Kasubi. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuuzia mahindi, aliyoirithi kwa mama yake wa sokoni, na kumbukumbu ndefu kuliko barabara ya kwenda makao makuu. Ukimkosea Jumatatu ya leo, atakukumbusha Jumatatu ya mwaka wa tatu, saa ileile. Wenzake walisema hana roho mbaya, ila roho yake ina utaratibu.

Shule ilikuwa na wanafunzi mia sita, na Taifa likawaletea kompyuta moja. Aliileta Mheshimiwa Dokta Hezroni Mkwabi mwenyewe, Mtunza Viwango Mkuu wa Taifa, yeye ndiye aliyekitunga kile kitabu cha dhahabu. Alikuja na msafara wa magari kumi na moja, kompyuta ikiwa imepakatwa na mpishi wake. Alipanda jukwaani akasafisha koo.

"Ndugu wananchi," alisema, "leo giza limepewa barua ya kufukuzwa kazi. Ujinga umepewa saa ishirini na nne kuondoka wilayani. Na mimi, kwa kidole changu hiki, nitaibonyeza teknolojia mbele yenu ili ijue mwenyewe ni nani."

Kidole kilikuwa na pete, na vidole jirani navyo vilikuwa na pete. Dokta aliinua mkono juu akaishushia kibodi kofi, kama mtu anayeua mbu ukutani. Vitufe vitatu vikaruka. Kimoja kilimwangukia mapajani, viwili vikagonga bilauri ya maji. Dokta akaviokota taratibu, akavitia mfukoni mwa koti lake la sherehe, akajifuta jasho. Watu wakapiga makofi, kwa sababu ratiba ilisema makofi. Nyamizi alikuwa amesimama hatua mbili kutoka pale na aliona kila kitu. Akaguna. Wakati ule kuguna kulikuwa hakujatungiwa sheria.

Kompyuta ikafunikwa kitambaa cha kufuma, ikafungiwa ofisini kwa mwalimu mkuu, na darasa la saba wakawa wanaitembelea mara moja kwa wiki kama mgonjwa. Nyamizi aliwafundisha kwa kitabu cha Jimbo, kwa kuwa cha Taifa kilikuwa bado kinazinduliwa. Kiwango cha kwanza cha Jimbo kilisema: "Mwanafunzi ahesabu kilichopo mbele yake." Watoto walihesabu. Msichana mmoja, Siwema, aliyekuwa kinara wa hesabu, aliweka punje moja ya maharage juu ya kila kitufe, kisha akazikusanya na kuzihesabu mara tatu. Alipata mia moja na moja. Nyamizi akamwambia hivyo ndivyo msomi anavyofanya kazi.

Ukaja mtihani wa Taifa. Swali la kwanza: kibodi ina vitufe vingapi? Watoto wote arobaini na mmoja waliandika walichokiona kwa macho yao, mia moja na moja. Kiwango cha kwanza cha Taifa kilisema: "Kibodi ina vitufe mia moja na vinne. Haijadiliwi." Na kanuni ya Dokta Hezroni ilikuwa kwamba atakayekosa swali la kwanza hatasahihishiwa mengine, kwa sababu ameonyesha tabia. Darasa zima likapata sifuri. Adhabu nayo ilikuwa ya Dokta: aliyefeli atarudia darasa la saba, na atalirudia mpaka afaulu, hata kama ndevu zitaota.

Baba yake Siwema hakuwa mtu mkatili, alikuwa mtu aliyechoka. Alimwambia bintiye, "Mwanangu, rudia mwaka huu. Usipopita tena, utakwenda na mama yako kuponda kokoto. Mimi sina mwaka mwingine wa kukupa."

Ungefikiri mambo yaliishia hapo. Thubutu. Dokta Hezroni alirudi Tumeitika asubuhi na mapema siku ya wazazi, kuja kuchunguza chanzo cha sifuri. Aliiangalia kibodi, akaona mapengo matatu, akawageukia watu kwa huzuni kubwa.

"Mwalimu huyu," alisema, "amepoteza vitufe vitatu vya Taifa."

"Mheshimiwa," Nyamizi alijibu kwa adabu, "vitufe hivyo viko mfukoni mwa koti lako la sherehe."

"Mwalimu, unabishana na kiwango?"

 Wakamfunga Nyamizi kibodi shingoni kwa kamba ya katani, wakamsimamisha juani katikati ya uwanja wa shule, kuanzia kengele ya asubuhi hadi adhuhuri, mbele ya wazazi na mbele ya wanafunzi wake. Dokta alikaa kivulini akanywa chai, akaagiza na ya pili. Kamba ilimkwaruza Nyamizi shingo. Watoto waliinamisha macho ili wasimwone mwalimu wao vile, na hilo ndilo lililomuuma kuliko kamba. Nisikufiche, msomaji: hakusikitika, wala hakuvunjika moyo kama wanavyovunjika mashujaa wa kwenye vitabu vya dini. Alichukia. Alimchukia yule mtu kuanzia kwenye pete hadi kwenye visigino vya viatu. Saa sita ilipogonga alijivua ile kamba, akaikunja vizuri, akaitia kwenye mkoba wake. Kamba nzuri haitupwi.

Miezi ikapita. Wafadhili, ambao katika nchi ile walikuwa kama mawingu, wanaonekana mbali na wote wanawaangalia wao, wakauliza swali: kwa nini nchi moja ina kibodi za aina mbili? Serikali ikafadhaika, ikaunda Tume ya Kulinganisha Viwango vya Teknolojia vya Taifa na vya Jimbo. Tume ilikuwa na wajumbe sitini, na kila mjumbe alikuwa na msaidizi wa kumbebea kalamu. Kazi ilikuwa kuchora jedwali, huku Taifa, huku Jimbo, safu ya tatu tofauti, safu ya nne uamuzi. Kwa kuwa wajumbe walikuwa na vikao vya chai asubuhi na vikao vya kutathmini chai mchana, akatafutwa mtu wa kuchora mistari na kujaza.

"Mleteni yule mwalimu wa Tumeitika," alisema Dokta Hezroni. "Ana mwandiko mzuri. Na iwe adhabu yake, akae kwenye chumba cha chini kisicho na dirisha mpaka avijue viwango vyangu kwa moyo."

Hapo ndipo Mheshimiwa alipomkabidhi mtu jembe na kumwonyesha pa kuchimba.

Nyamizi alikaa chumba cha chini miezi mitano na rula. Alilinganisha kwa uaminifu wote. Kiwango cha saba, Taifa: mwanafunzi ashike kipanya kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukiwa kifuani kwa heshima. Jimbo: mwanafunzi ashike kipanya, kama kipo. Kiwango cha kumi na tisa, Taifa: umeme ukikatika, mwanafunzi aendelee kuitazama kompyuta kwa matumaini. Jimbo: umeme ukikatika, mwanafunzi arudi ubaoni. Kiwango cha thelathini, Taifa: intaneti ni upepo wa maendeleo unaovuma kutoka ikulu. Jimbo: intaneti hatuna, lakini tumeambiwa ipo. Kiwango cha arobaini walikuwa nacho Taifa peke yao, na Nyamizi alikinakili neno kwa neno bila kugusa hata nukta, nacho kilihusu adhabu ya kusimama juani na kibodi shingoni. Alipokuwa anakiandika aliipapasa shingo.

Sasa, wizara ile ilikuwa na desturi yake. Ripoti haikusomwa, ilipimwa. Mlangoni palikuwa na mizani ya mchele, na karani wa mizani ndiye aliyekuwa mtu wa kuogopwa kuliko wote. Ripoti ya chini ya kilo mbili ilikuwa matusi kwa serikali. Ya kilo nne ilipata sahihi, ya kilo sita ilipata sahihi na pongezi. Nyamizi alikuwa ameshaliona hilo siku yake ya kwanza kazini, kwa hiyo alichora mistari mipana, akaacha nafasi kubwa, akatumia karatasi nene. Jedwali lake lilikuwa na kilo tisa na robo. Karani alilipima mara mbili akavua kofia. Dokta Hezroni aliweka sahihi yake palepale kwenye mizani, akasema hajawahi kuona hoja nzito namna ile.

Ndani ya zile kilo tisa, kwenye safu ya uamuzi, Nyamizi alikuwa amefanya mambo mawili. Kwenye kiwango cha kwanza aliamua hivi: jibu sahihi ni idadi ya vitufe vilivyopo mbele ya mtahiniwa siku ya mtihani, na uamuzi huu unarudi nyuma kwa mitihani yote iliyopita, endapo idadi ya siku hiyo itathibitishwa na Mtunza Viwango Mkuu kwa sahihi yake. Kisha mwishoni kabisa akaandika kiwango kipya, cha mia tatu themanini na nane. Hiki alikitoa kwa mama yake. Kule sokoni kwao, mtu akileta pishi mpya ya kupimia nafaka, hakuna anayemruhusu kupimia wengine mpaka kwanza apimiwe yeye, nafaka yake, hadharani. Mama yake alikuwa akisema, mwenye pishi hupimwa kwanza. Nyamizi akaiandika kwa mwandiko wake mzuri, na chini yake masharti.

Jedwali lilipojalidiwa kuwa kitabu kizito, akakichukua, akakifungua kwenye ukurasa ule, akakikalia. Alikikalia wiki nzima akiendelea na kazi nyingine. Kitabu ni kama mlango, hufunguka kilipozoea kufunguliwa.

Siku ya uzinduzi uwanja wa taifa ulijaa. Desturi ilikuwa kwamba Mheshimiwa Mlezi mwenyewe hufungua kitabu popote mkono unapoangukia na kusoma kwa sauti, ili wananchi waamini kimesomwa. Na katika nchi ile, jambo alilolisoma Mlezi kwa mdomo wake halifutwi; sheria tatu zilikuwa zimepita kwa njia hiyo, mojawapo ikiwa tangazo la dawa ya mba. Mlezi akaweka kitabu mezani, kikafunguka chenyewe. Akavaa miwani.

"Kiwango cha mia tatu themanini na nane," alisoma, na redio zote zikawa zinarusha. "Kwa desturi ya masoko yetu, mwenye pishi hupimwa kwanza. Mtunga kiwango atafanya mtihani wake mwenyewe, katika shule iliyofeli kuliko zote. Akifeli atakaa darasa hilo, kwa sare ya shule hiyo na kwa adhabu za shule hiyo, mpaka afaulu."

Dokta Hezroni alikuwa anapiga makofi. Aliendelea kupiga hata wenzake walipoacha, mpaka jirani yake alipomshika mkono na kumnong'oneza. Mlezi alivua miwani akasema ni kiwango kizuri sana, nani amekitunga? Wakamjibu ni Dokta Hezroni, sahihi yake hiyo hapo. Mlezi akampongeza kwa moyo wa kujitolea. Kwenye jukwaa la nyuma, kati ya makarani, Nyamizi alisikia utamu mwilini ambao hakuwa ameusikia tangu atolewe juani, na hakuona haya hata kidogo.

Wiki iliyofuata Nyamizi alirudishwa Tumeitika, na Dokta Hezroni akaja nyuma yake. Alifanya mtihani, akaandika mia moja na vinne bila kuiangalia kibodi. Nyamizi akahesabu mbele yake vitufe mia moja na kimoja, akaweka alama ya kosa kwa wino mwekundu. Sifuri. Jumatatu yake Mheshimiwa akaingia darasa la saba amevaa kaptula ya kaki na shati jeupe, magoti yake yakionekana kwa mara ya kwanza tangu uhuru. Alipangiwa dawati moja na Siwema.

"Shikamoo mwalimu," darasa liliamkia kwa pamoja asubuhi ile.

"Marahaba. Hezroni, sijakusikia."

"Mwalimu, mimi nimekuzidi umri."

"Darasani nimekuzidi mimi. Simama useme peke yako."

Akasimama akasema. Nyamizi alimwacha amesimama kidogo, halafu akamwambia bado hajasikia vizuri, hebu arudie. Alirudia mara nne. Unaweza kusema si vyema kumfanyia mtu mzima hivyo. Na mimi nakubaliana nawe kabisa, ila nilicheka nilipohadithiwa.

Mtihani ulikuwa kila mwisho wa mwezi. Njia ya kutoka ilikuwa nyepesi, aandike mia moja na moja. Lakini akiandika hivyo atakuwa amekiri kwamba watoto wale walikuwa sahihi na yeye ndiye aliyekosea. Mwezi wa kwanza aliandika mia moja na vinne. Mwezi wa pili aliandika hivyo hivyo, kwa herufi kubwa. Alifagia uwanja, aliteka maji, alipiga magoti kwa kuchelewa. Nyamizi hakumsamehe hata dakika moja ya kuchelewa.

"Babu," Siwema alimnong'oneza mtihani wa tatu ulipokaribia, "andika mia na moja tutoke wote. Mwaka unaisha. Baba ameshaninunulia nyundo ya kokoto."

"Mtoto," Dokta alijibu, "mimi siwezi kubishana na mimi."

Siwema akakunja daftari lake akalia kimyakimya. Dokta alisogea pembeni ya dawati ili machozi yasimlowanishe. Nyamizi aliliona hilo kutoka ubaoni, na kama palikuwa na tone la huruma lililobaki moyoni mwake kwa ajili ya mtu yule, likakauka hapohapo.

Lakini kaptula humfundisha mtu kufikiri. Jioni ile Dokta Hezroni alituma ujumbe nyumbani kwake aletewe koti la sherehe, eti anasikia baridi. Siku ya mtihani, ambayo pia ilikuwa siku ya wazazi, na mtihani ulipangwa kabla ya kengele ya asubuhi, alikuja amevaa koti juu ya kaptula, akaomba ruhusa ya kwenda kuifuta kompyuta vumbi.

"Nenda," Nyamizi alisema. "Futa vizuri."

Akaingia ofisini, akarudishia mlango. Madirisha ya ofisi ile hayakuwa na mapazia. Nyamizi alikuwa ameyapeleka kufuliwa. Nje walisimama wanafunzi na wazazi wao, pua zikiwa kwenye vioo, wakimwona Mtunza Viwango Mkuu wa Taifa akitoa mfukoni kitufe cha kwanza, cha pili, cha tatu, akivipachika kimoja kimoja huku ulimi ukiwa umetokeza nje kwa bidii. Hakuna aliyesema neno. Mwalimu alikuwa amewaomba wasiseme.

Dokta akatoka akifuta mikono. Aliandika jibu lake kwa mbwembwe: mia moja na vinne. Nyamizi akaiweka kibodi mezani uwanjani, akahesabu kwa ile sauti ya kuuzia mahindi, mpaka mwisho wa soko wangemsikia. "Mia na mbili. Mia na tatu. Mia na nne." Akaweka alama ya vema kwenye karatasi.

"Umefaulu, Hezroni."

Dokta alinyoosha koti lake. Alianza hotuba palepale, kwamba ukweli ni kama mafuta, siku zote huelea, na kwamba yeye tangu mwanzo alisema. Nyamizi akamsogezea karatasi na kalamu. "Fomu ya kutoka, Mheshimiwa. Sahihi yako tu." Mtu aliyetia sahihi kilo tisa na robo bila kusoma angeanzaje kusoma karatasi moja? Alisaini akiwa anaendelea na hotuba, bila hata kuinama.

Nyamizi akaichukua, akasubiri amalize sentensi, akaisoma kwa wazazi.

"Mimi, Hezroni Mkwabi, Mtunza Viwango Mkuu, nathibitisha kwamba vitufe vitatu vilikuwa mfukoni mwangu tangu siku nilipoizindua kompyuta hii, na leo nimevirudisha kwa mkono wangu. Nathibitisha kwamba siku ya mtihani wa watoto vilivyokuwepo ni mia moja na kimoja. Watoto walijibu sawa."

  Dokta alisema sahihi ile ilikuwa ya haraka. Baba yake Siwema akauliza kwa upole, na zile nyingine zote je, zilikuwa za polepole?

Kwa kiwango cha kwanza cha jedwali, mtihani wa watoto arobaini na mmoja ulisahihishwa upya wiki ileile, maswali yote. Thelathini na wanane walipita kwenda sekondari, Siwema akiwa wa kwanza jimbo zima. Nyundo ya kokoto baba yake aliiuza kwa jirani.

Lakini hayo yalikuwa ya wiki ileile. Siku yenyewe, uwanjani, bado palikuwa na jambo moja. Dokta alikuwa anatafuta gari lake kwa macho.

"Hezroni," Nyamizi alisema, "hutoki bado. Umefaulu kiwango cha kwanza, lakini uko chini ya adhabu za shule mpaka kengele ya kufunga. Kiwango cha arobaini kinasemaje?"

 Darasa la saba likamjibia, maana walikuwa wamekariri kitabu chake chote: "Atakayepoteza au kuficha kitufe cha Taifa atasimama juani na kibodi shingoni, kuanzia kengele ya asubuhi hadi adhuhuri."

"Mwalimu," Dokta alisema kwa sauti ndogo, "mimi ni mtu mzima. Watoto wanaangalia."

"Najua," Nyamizi alisema. "Na mimi waliniangalia."

Akafungua mkoba wake, akatoa kamba ya katani iliyokunjwa vizuri. Aliifunga mwenyewe, akahakikisha fundo limekaa nyuma ya shingo pale pale linapokwaruza. Kengele ya asubuhi ikagongwa. Nyamizi akaenda kukaa kwenye kiti cha wageni kivulini, akaagiza chai. Aliinywa polepole mpaka ikaisha, na akaagiza ya pili.